Shahada ya uigizaji: Kijana wa Kisumu apime jukwaa kabla ya jina la chuo

FILAMU ya Black Panther ilipoanza kuonyeshwa duniani Februari 2018, Kisumu ilikuwa miongoni mwa miji ya Afrika iliyoitazama mapema. Sababu haikufichika. Mmoja wa waigizaji wake wakuu, Lupita Nyong'o, ni bintiye gavana wa kaunti hiyo, Profesa Peter Anyang' Nyong'o.

Tangu Machi 2, 2014, aliponyakua tuzo ya Oscar kwa uigizaji wake katika filamu ya 12 Years a Slave, jina la Lupita limekuwa ngao ya kila kijana wa ufuo wa Ziwa Victoria anayetaka kusomea uigizaji. Mzazi akiuliza kozi hiyo italeta ugali gani mezani, jibu huwa tayari: mtazame Lupita.

Jibu hilo lina ukweli, lakini ni ukweli nusu. Wanaolitoa huutazama mwisho wa safari na kuisahau njia yenyewe, na njia hiyo ndiyo yenye mafunzo kwa anayechagua chuo.

Lupita alipanda jukwaani Nairobi akiwa na umri wa miaka 14, akiigiza Juliet katika kundi la Phoenix Players. Baadaye alisomea filamu na sanaa za maonyesho katika chuo cha Hampshire, Marekani. Alipohitimu alifanya kazi mbele na nyuma ya kamera: akaigiza katika kipindi cha Shuga, na mnamo 2009 akatoa In My Genes, filamu ya hali halisi kuhusu maisha ya watu wenye ulemavu wa ngozi nchini Kenya. Ni baada ya hayo yote ndipo alipojiunga na Chuo Kikuu cha Yale kusomea shahada ya uzamili ya uigizaji, akahitimu 2012.

Kwa maneno mengine, shahada yake ya uigizaji ilikuwa ya pili. Ilimkuta akiwa amekwisha kujipima kwa miaka mingi, na aliipata katika chuo kinachochukua takriban waigizaji 16 pekee kwa mwaka, baada ya kuwatazama wakiigiza.

Suala hili lina uzito wa pekee wakati huu. Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi (CBE) waliingia Gredi ya 10 katika shule za sekondari pevu. Mmoja wa mikondo mitatu waliyopewa ni wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, ambao umelipa somo la maigizo na filamu nafasi lisiyokuwa nayo katika mfumo wa 8-4-4. Wanafunzi hao watakuwa wakibisha hodi katika vyuo vikuu mwaka wa 2029. Wazazi wa Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori na Busia wanahitaji kujua kinachowangoja huko.

Majina yanayotatanisha

Jambo la kwanza linalowakwaza wanafunzi ni majina ya kozi. Katika vyuo vikuu vya umma nchini, uigizaji kwa kawaida hufundishwa kama sehemu ya shahada pana zaidi. Mwanafunzi anayedhani atashinda jukwaani kila siku huenda akajikuta akiandika insha kuhusu historia ya tamthilia ya Ugiriki.

Kwa mkazi wa Kisumu, chuo cha karibu ni Maseno, kilicho kwenye barabara ya kuelekea Busia, mahali ambapo mstari wa ikweta unapita. Chuo hicho, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mnamo 2001, kina idara ya muziki na sanaa za maonyesho, na kimejulikana kwa desturi yake ya kuziambatanisha shahada zake nyingi na masomo ya teknolojia ya habari.

Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara inayounganisha sanaa za maonyesho na teknolojia ya filamu. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kimeyaweka maigizo na filamu pamoja na fasihi. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, maigizo yamekua chini ya kivuli cha idara ya fasihi, ambayo katika miaka ya sabini iliwahi kuwa na kundi lake la maonyesho lililosafiri mikoani. Upande wa vyuo vya kibinafsi, USIU cha Nairobi kinafundisha sanaa za filamu.

Kozi hizi zinafanana kwa jina lakini kazi zake ni mbalimbali. Fasihi humfundisha mtu kuisoma tamthilia na kuihakiki. Sanaa za maonyesho humfundisha kuiandaa: kuigiza, kuelekeza, kupanga taa, jukwaa na maleba. Teknolojia ya filamu humkabidhi kamera, vinasa sauti na mitambo ya kuhariri. Anayetaka kuwa mwigizaji akiingia ya kwanza au ya tatu bila kujua, atapata elimu nzuri ya kazi asiyoitaka.

Kwa sababu hiyo, mwanafunzi hana budi kuitisha orodha ya masomo ya miaka yote, badala ya kuridhika na jina lililoandikwa katika mtandao wa uteuzi. Akihesabu masomo ya uigizaji wa vitendo na kukuta ni mawili au matatu katika shahada nzima, basi hiyo si shahada ya uigizaji hata ikiitwa hivyo.

Alama badala ya majaribio

Jambo la pili ni jinsi nafasi zenyewe zinavyogawanywa. Mwanafunzi anayefadhiliwa na serikali huteuliwa kupitia shirika la KUCCPS. Sharti la chini la kusomea shahada ni alama ya wastani ya C+ katika KCSE, kisha huangaliwa pointi za masomo yanayohusiana na kozi. Katika mpango huo hakuna hatua ambapo mwalimu wa maigizo humwona mwanafunzi akiigiza.

Vyuo vilivyojijengea jina ulimwenguni hufanya kinyume. Yale na Juilliard nchini Marekani, au chuo cha RADA kilichoanzishwa London mnamo 1904, humwita mwombaji ajitokeze, aigize vipande alivyovitayarisha, apewe maelekezo mapya papo hapo na kutazamwa jinsi anavyoyapokea. Kinachopimwa ni sauti, mwili, usikivu na uwezo wa kubadilika.

Matokeo ya mfumo wa alama pekee ni ya aina mbili. Mwanafunzi aliyeng'aa katika maigizo ya shule lakini akapata C hufungiwa mlango wa shahada na kuelekezwa kwenye stashahada. Wakati huo huo, mwenzake aliyetaka kusomea uanasheria na kukosa pointi huweza kujikuta katika darasa la maigizo kwa sababu ndiko kulikokuwa na nafasi. Mwalimu hubaki na darasa ambalo nusu yake halina haja na jukwaa.

Hata hivyo, mfumo wa alama una utetezi wake. Mtihani wa kitaifa hauulizi mtu anatoka wapi wala anamjua nani. Majaribio ya uigizaji yakifanyika Nairobi pekee, mtoto wa mvuvi wa Mbita au Usenge atashindwa kwa nauli kabla ya kushindwa kwa kipaji. Tena palipo na uamuzi wa mtu binafsi, hongo na upendeleo havikosi kuchungulia.

Suluhisho la busara lingekuwa kuviunganisha vyote viwili. Alama zibaki kuwa mlango wa kuingilia, kisha idara zifanye majaribio mwishoni mwa mwaka wa kwanza ili kuwatenga wanaofaa kuigiza, kuelekeza, kuandika au kushughulikia mitambo. Hilo halihitaji sheria mpya. Linahitaji walimu walio tayari kusema ukweli na wanafunzi walio tayari kuusikia.

Vikombe visivyohesabiwa

Upungufu huo unashangaza zaidi ukizingatia kwamba Kenya ina shule kubwa ya uigizaji isiyotambuliwa kama shule. Tamasha za kitaifa za maigizo ya shule na vyuo zimekuwapo tangu 1959. Kila mwaka maelfu ya wanafunzi hupanda ngazi kutoka kaunti ndogo hadi fainali, wakiwa na tamthilia, ngoma, mashairi na masimulizi.

Nguvu ya jukwaa hilo imedhihirika mara kadhaa. Mnamo 2013, tamthilia ya Shackles of Doom ya shule ya upili ya wasichana ya Butere ilipigwa marufuku na ikabidi Mahakama Kuu iiruhusu. Aprili 2025, shule hiyo hiyo iligonga tena vichwa vya habari kwa tamthilia ya Echoes of War. Baada ya vuta nikuvute mahakamani, wasichana hao waliimba wimbo wa taifa jijini Nakuru na kuondoka bila kuigiza, huku polisi wakifyatua vitoza machozi nje.

Serikali haiwezi kuogopa uigizaji wa wasichana wa shule kiasi hicho, kisha ichukulie kwamba uigizaji si taaluma. Lakini kikombe cha tamasha hizo hakimwongezei mwanafunzi hata pointi moja wakati wa kuteuliwa kujiunga na kozi ya maigizo. Mchezaji hodari wa kandanda hutafutwa na klabu; mwigizaji hodari hurudi nyumbani kusubiri matokeo ya hesabu na kemia.

Kisa cha Butere pia kinamfunza anayechagua taaluma hii kwamba mwigizaji nchini Kenya hukutana na dola mapema. Kozi isiyomfundisha mwanafunzi sheria za leseni, haki za msanii na mikataba itamtuma vitani bila silaha.

Hesabu ya karo

Jambo la tatu ni fedha, na hapa ndipo wazazi wengi husimama. Mfumo mpya wa ufadhili ulioanza kutekelezwa 2023 uliigawa gharama ya masomo kati ya ruzuku ya serikali, mkopo na mchango wa familia, kwa kutegemea uwezo wa kila familia. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilitangaza kuwa mfumo huo unakiuka Katiba, na suala hilo likaendelea katika ngazi ya rufaa. Katika vuta nikuvute hiyo yote, jambo moja halikubadilika: mkopo ni deni, na deni hulipwa na aliyehitimu awe na kazi au asiwe nayo.

Mwigizaji hulipwa kwa kazi moja moja. Anaweza kupata donge nono mwezi huu na kukaa miezi minne bila shilingi. Kwa sababu hiyo, shahada ya gharama kubwa isiyompa ujuzi wa pili ni mzigo mzito mno kwa familia ya kawaida ya Kisumu.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mafunzo bora zaidi ya uigizaji duniani si lazima yawe ghali zaidi. Mnamo 2021, chuo cha maigizo cha Yale kilipokea msaada wa dola milioni 150 kutoka kwa David Geffen na kufuta karo kwa wanafunzi wake wote. Juilliard nayo iliondoa karo ya shahada ya uzamili ya uigizaji kuanzia 2024. Ugumu ni kuingia, kwani nafasi ni chache na wanaozitafuta hutoka pembe zote za dunia.

Hapa hesabu inajitokeza yenyewe. Kijana anayeota kufika huko hana haja ya kumfilisi baba yake kwa shahada ya kwanza ya ughaibuni. Afadhali asomee karibu na nyumbani mahali atakapoigiza sana, ajijengee rekodi ya kazi, kisha ashindanie nafasi hizo zisizo na karo akiwa na kitu cha kuonyesha.

Vilevile, karibu na nyumbani hakuishii kwenye mpaka wa Busia. Kampala iko takriban kilomita 300 kutoka Kisumu, umbali usiozidi ule wa kwenda Nairobi, na Chuo Kikuu cha Makerere kimekuwa kikifundisha muziki, densi na maigizo tangu miaka ya sabini. Nchini Tanzania, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina historia ndefu ya sanaa za maonyesho iliyowatoa watunzi kama Penina Muhando na Amandina Lihamba. Bagamoyo nako kuna chuo cha sanaa kilichoanzishwa 1981, ambacho sasa huitwa TaSUBa na kusifika kwa mafunzo ya vitendo.

Viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu mnamo Mei 2017. Kijana wa kando ya ziwa ambalo nchi tatu hunywa maji yake hana sababu ya kuamini kwamba chaguo lake ni Nairobi au Marekani tu.

Je, darasa ni lazima?

Wapo wanaosema kipaji hakihitaji shahada, nao wana mifano. Ayub Ogada, aliyefahamika pia kama Job Seda, aliigiza katika filamu ya Out of Africa ya 1985 na kuupeleka muziki wa nyatiti kwenye majukwaa ya dunia kabla ya kufariki Nyahera, Kisumu, mnamo Februari 2019. Jina lake lilijengwa na jukwaa wala si cheti.

Lakini mfano huo ukichunguzwa unathibitisha jambo jingine. Wazazi wa Ogada walikuwa wanamuziki, na alikulia katika maonyesho yao. Alikuwa na shule. Ni kwamba ilikuwa nyumbani. Hata Waluo wa zamani walikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi kizee ambamo watoto walikusanyika usiku kusikia na kusimulia sigana. Humo mtoto alijifunza kubadilisha sauti, kunyamaza pale panapostahili na kuwashika wasikilizaji. Aliyesimulia vibaya aliambiwa arudie.

Mambo matatu yaliyokuwa siwindhe ndiyo yanayopaswa kutafutwa chuoni: mwalimu anayeijua kazi, nafasi ya kurudia mara nyingi na hadhira ya kweli. Chuo chenye hayo kina thamani hata kama jina lake halijulikani. Kisichokuwa nayo kitatoa wahakiki wa uigizaji, si waigizaji.

Maswali ya kuuliza basi yanaeleweka. Mwanafunzi huigiza katika michezo mingapi kabla ya kuhitimu, na mbele ya hadhira gani? Walimu wamewahi kuigiza au kuelekeza wenyewe? Chuo kina ukumbi wenye taa na vyombo vya sauti, au mazoezi hufanyiwa chini ya mti? Waliohitimu miaka mitano iliyopita wako wapi? Na je, kozi inaruhusu kuongeza ujuzi mwingine, kama vile uandishi wa miswada, uhariri wa video au ualimu?

Ualimu hasa usidharauliwe. Shule za sekondari pevu zikifundisha maigizo na filamu, zitahitaji walimu wa somo hilo. Lakini Tume ya Huduma za Walimu (TSC) husajili waliosomea ualimu. Mwenye shahada ya maigizo pekee, hata awe hodari vipi, atalazimika kwanza kusomea stashahada ya uzamili ya elimu. Ni heri mwanafunzi alijue hilo mwaka wa kwanza kuliko kulijua akiwa na barua ya maombi mkononi.

Jukwaa li wapi?

Swali la mwisho haliwezi kujibiwa na mwanafunzi wala mzazi. Nairobi ina Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo uliofunguliwa 1952. Hata huko hali si shwari, kwani Phoenix Players, kundi lililomlea Lupita, lilifunga pazia mnamo 2017 baada ya zaidi ya miongo mitatu. Kisumu hutegemea kumbi za kijamii kama ule wa Mama Grace Onyango, pamoja na kumbi za hoteli na za shule, ambazo hazikujengewa kazi hiyo.

Kwa miaka mingi waigizaji wa mkoa huu wamejipatia riziki katika michezo ya kuhamasisha umma kuhusu afya, hasa Ukimwi, inayofadhiliwa na mashirika ya kigeni. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, ilidhihirika jinsi mlango huo ulivyo mwembamba. Mwingine ni vituo vya redio na televisheni vya lugha ya Dholuo, vinavyohitaji sauti na hadithi kila siku. Huo una hadhira inayoishi hapa hapa, nao unastahili kupanuliwa.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi serikali za kaunti shughuli za utamaduni na burudani, zikiwemo sinema na maonyesho ya video. Kisumu ilionyesha mnamo Mei 2022, ilipoandaa kongamano la Africities, kwamba ikitaka kujenga hujenga. Ukumbi wa maigizo wenye viti mia chache, ukitumiwa pamoja na Chuo Kikuu cha Maseno, shule na makundi ya mitaani, ungegharimu sehemu ndogo tu ya fedha zinazomwagwa katika viwanja vya michezo.

Pasipo ukumbi huo, ushauri wowote kuhusu uchaguzi wa kozi utaishia mahali pamoja: kijana atahitimu Maseno na kupanda basi la usiku kwenda Nairobi, ambako atashindania nafasi chache na maelfu ya wengine waliofika kwa mabasi kama hilo. Kaunti itakuwa imelea kipaji, na kodi ya nyumba italipwa Kayole.

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Familia zinaweza kuchagua chuo kwa makini, na vyuo vinaweza kurekebisha masomo yao kabla ya 2029. Lakini ili atunzwe, mchezaji lazima kwanza apate pa kuchezea, na hilo ni deni la waliokabidhiwa bajeti.